Umepima? Swali la kumuuliza mtoto anayevua juu ya barafu

Picha hizo hufika kwenye simu mwezi wa kwanza au wa pili, wakati huku kwetu Lubumbashi mvua inamwagika kila alasiri na barabara ya Kasenga imegeuka tope. Kijana aliyetoka Katuba, Kamalondo au Ruashi, na ambaye sasa anaishi Montréal au Winnipeg, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya weupe usio na mwisho. Koti limemfika puani. Mkononi ana fimbo fupi ya kuvulia, miguuni pana tundu la duara lisilozidi upana wa sahani, na ndani ya tundu mna maji meusi. Hapo ndipo familia inapong'amua kwamba mtoto yuko juu ya ziwa. Mama anapiga kelele, "Toka hapo!" Baba anauliza samaki ni wa aina gani na kama wanalika. Swali lenye maana hakuna aliyeliuliza: mwanangu, umepima?

Makala hii ni ya wazazi hao, na ya vijana wenyewe kama wataisoma. Sikusudii kumkataza mtu. Kuvua juu ya barafu ni burudani ya watu wengi wenye akili timamu huko Kanada, Finland na kaskazini mwa Marekani, na karibu wote hurudi nyumbani wakala chakula cha jioni. Ila wao walianza kufundishwa wakiwa wadogo, wakitembea nyuma ya babu. Wetu anafika akiwa mtu mzima, anaalikwa na mwenzake wa kazini siku ya Jumamosi, na anaona haya kuuliza.

Sisi barafu tunaijua kwa upande mwingine. Zama za ukoloni, wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga walileta samaki wa Luapula na Mweru hadi Élisabethville (Lubumbashi ya leo) wakiwa wamefunikwa barafu, na hadi leo kwetu barafu ni kitu cha kumzuia samaki asioze. Wazee hawakuwa na sababu ya kutufundisha namna ya kuitembelea.

Tuanze na jinsi ziwa linavyoganda, maana makosa mengi hutoka hapo. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yanapokuwa na nyuzi 4 za joto. Baridi inapokaribia, maji ya juu hupoa, yakawa mazito, yakazama, na ya chini yakapanda kushika nafasi yake. Mzunguko huo huendelea mpaka ziwa zima likaribie nyuzi 4. Baada ya hapo maji ya juu yanaweza kupoa zaidi bila kuzama, na hatimaye kuganda. Kwa hiyo ziwa haligandi lote kwa usiku mmoja. Ghuba ndogo yenye kina kifupi hutangulia; katikati, penye kina na upepo, huchelewa, pengine kwa wiki kadhaa. Mtu anaweza kutembea salama karibu na ukingo, na mita mia mbili mbele akakuta barafu iliyozaliwa jana usiku. Ukisikia "ziwa limeshaganda", ujue hujaambiwa kitu. Tarehe nayo haisaidii. Kwamba mwaka jana watu walivua tarehe 20 Desemba si habari ya mwaka huu, hasa siku hizi ambapo majira ya baridi hayatabiriki.

Sasa vipimo. Idara ya maliasili ya jimbo la Minnesota, ambako uvuvi huu ni sehemu ya maisha, inawaambia watu wasikanyage barafu yenye unene wa chini ya inchi 4, yaani sentimita 10. Na hapo inazungumzia barafu mpya, ngumu, inayopenyeza mwanga. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada kwa miaka mingi limetaja sentimita 15 kwa mtu anayetembea kwa miguu. Ushauri wangu kwa mgeni ni ashike hiyo 15, asibishane na tofauti. Pikipiki ya theluji inahitaji zaidi ya hapo, na gari linahitaji 30 au kuzidi, kulingana na uzito wake. Kuhusu gari sina mjadala: mwambie aliache nchi kavu, atembee. Mgeni hana ujuzi wa kuamua lipi litapita na lipi litazama.

Kwa nini sentimita chache zigombaniwe hivyo? Mhandisi Lorne Gold wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada aliyachunguza mambo haya, na kanuni inayobeba jina lake inasema kwamba uzito ambao barafu inaweza kubeba hukua kwa mraba wa unene wake. Barafu ya sentimita 10 haina nguvu mara mbili ya ile ya sentimita 5. Inayo mara nne. Igeuze kanuni hiyo upande wa pili ndipo inatisha: ukitoka penye sentimita 10 ukaingia penye 5, umepoteza robo tatu ya nguvu iliyokushikilia, na macho yako hayakuona badiliko lolote.

Hivyo hupimwa kwa mkono. Wavuvi wa huko hutembea na mtarimbo mrefu wenye ncha ya patasi, na kabla ya kupiga hatua wanaugonga kwa nguvu mbele yao. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, wanageuka na kurudi kwa njia ile ile waliyojia. Wakifika mahali panapoonekana imara wanatoboa tundu kwa kekee ya barafu, wanaingiza kipimo chenye kulabu, wanainasa kulabu kwenye ukingo wa chini na kusoma unene. Baada ya mita hamsini hivi, wanatoboa tena. Tundu moja ni ushahidi wa tundu hilo tu. Kijana akikuambia kwamba alipima karibu na ufukwe akakuta sentimita 20, kisha akatembea nusu saa kuelekea katikati, basi hajapima.

Na katika kupima kuna hesabu ambayo wageni huikosa. Barafu nzuri ni ile safi, ya buluu au nyeusi, inayokuonyesha maji yaliyo chini yake. Ile nyeupe ya maziwa ni theluji iliyolowa kisha ikaganda. Imejaa vipovu vya hewa na nguvu yake huhesabiwa kuwa nusu tu. Mara nyingi zote mbili hukaa pamoja, nyeupe juu na safi chini. Tuseme kipimo kimesoma sentimita 12, nusu yake nyeupe. Ile nyeupe ya sentimita 6 unaihesabu 3, unaongeza 6 za barafu safi, unapata 9. Kumi na mbili zimekuwa tisa, na tisa hazitoshi hata kwa kipimo cha Minnesota. Theluji kavu iliyolala juu haihesabiki kabisa. Ikiwa barafu ni ya kijivu, usisumbuke na kipimo: ule ukijivu ni maji yaliyopenya ndani, na hapo hapakanyagwi.

Theluji inastahili maneno zaidi, kwa kuwa mtu aliyekulia Katanga huiona kuwa dalili ya baridi kali na hivyo ya barafu nene. Ukweli ni kinyume. Theluji ni blanketi. Ikilifunika ziwa mapema, baridi ya juu haifiki chini, na barafu inakua polepole sana hata hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Tena uzito wake huikandamiza barafu, maji yakapanda kupitia nyufa na kutengeneza uji wa theluji usioonekana juu. Mguu ukizama kwenye uji huo, buti likalowa, siku ya uvuvi imekwisha. Na chini ya blanketi hilo tundu lililotobolewa jana na mtu mwingine limefunikwa vizuri kabisa.

Pana mahali ambapo elimu yetu ya nyumbani inafaa. Mtu aliyewahi kwenda na wavuvi wa Tshangalele, lile ziwa la bwawa la Mwadingusha, anajua kwamba ziwa lina njia za maji ndani yake. Mvuvi wa pale anajua mto Lufira unapita wapi hata kama juu kote kumetulia. Aende na akili hiyo hiyo Kanada. Barafu huliwa kutoka chini na maji yanayotembea. Penye mto unaoingia au kutoka, penye mlango mwembamba kati ya visiwa viwili, chini ya daraja, karibu na chemchemi au bomba linalomwaga maji ya vuguvugu, barafu inaweza kuwa ya sentimita 3 wakati jirani yake ni ya 30. Kandokando ya nguzo, miamba na matete yaliyochomoza pia si pa kuamini, maana vitu hivyo hupata joto la jua na kuyeyusha barafu inayovizunguka.

Mabwawa ya umeme ni hatari zaidi, na Québec ina mengi. Wahandisi wakifungua maji, kina kinashuka, na barafu ya ukingoni inabaki ikining'inia juu ya hewa bila maji ya kuiegemeza. Nguvu ya barafu inatokana kwa sehemu kubwa na maji yanayoisukuma kutoka chini. Iondolee hayo, sentimita 15 zitavunjika chini ya mtu mwembamba. Kwa mgeni, ziwa la bwawa ni la kuliacha.

Nimesikia jibu moja ambalo vijana wetu hulipenda: "Baba, watu wapo wengi juu, hata magari." Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, waliotangulia huenda hawakupima nao. Walifuata nyayo za mtu aliyefuata nyayo. Pili, wingi wenyewe ni mzigo. Watu kumi wakikusanyika kwenye tundu moja kumtazama mwenzao akimvuta samaki, uzito wao wote umekaa mahali pamoja, na barafu hupinda polepole chini ya mzigo usiosogea. Dalili yake inaonekana: maji yanapanda kupitia tundu na kutapakaa juu. Hapo hakuna cha kujadili, ni kutawanyika.

Tena unene peke yake haumalizi habari. Tarehe 7 Februari 2009, kwenye Ziwa Erie upande wa Ohio, wavuvi zaidi ya mia moja walijikuta juu ya kipande kikubwa cha barafu kilichomeguka na kuanza kuelea kuelekea katikati ya ziwa. Asubuhi walikuta ufa, wakaweka mbao juu yake na kuvuka. Upepo ulipobadilika, ufa ulipanuka na daraja lao likawa halifiki ng'ambo. Helikopta na boti za waokoaji ziliwatoa. Mtu mmoja alikufa. Barafu haikuvunjika chini ya miguu yao. Ilihama nao. Kwenye maziwa makubwa, basi, utabiri wa upepo una uzito sawa na kipimo cha unene, na ufa unaohitaji mbao ili uuvuke ni mpaka wa kurudia nyumbani.

Kuhusu milio, wazazi wasitishike sana. Barafu hunguruma, hupiga mwangwi, wakati mwingine hulia kwa mshindo unaosikika ng'ambo ya ziwa. Mara nyingi inatanuka au kusinyaa tu kwa sababu ya badiliko la joto. Wa kuogopwa ni mlio mdogo wa kupasuka unaofuata mguu wako hatua kwa hatua.

Mwezi wa tatu na wa nne una sheria zake, na hapa wapimaji wenyewe hunaswa. Jua la machipuko huipenya barafu na kuitenganisha katika vijiti vya wima vilivyosimama pamoja bila kushikana. Kipimo kitasoma sentimita 40 na mtu akazama. Barafu ya namna hiyo huwa ya kijivu au nyeusi yenye matundumatundu, mtarimbo huingia bila kishindo, na ukingo wa ziwa huanza kuachana na nchi kavu. Inaweza kukubeba asubuhi baada ya usiku wa baridi, kisha saa nane mchana ikakukatalia njia ya kurudi. Mgeni amalize msimu wake mwishoni mwa Februari. Anayemwambia kwamba samaki wa machipuko ndio wazuri anasema kweli, lakini hilo halibadilishi shauri langu.

Tuseme sasa mambo yameharibika na mtu ametumbukia. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili wa binadamu ndani ya maji baridi, amelifupisha jambo hili kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika moja ya kwanza mwili unashtuka na kuvuta pumzi kwa kasi bila ruhusa yako. Kazi ya dakika hiyo ni moja tu, kuweka kichwa juu na kusubiri pumzi itulie. Kisha zipo dakika kama kumi ambazo mikono na miguu bado inatii. Zikipita, vidole havishiki tena. Lakini inachukua karibu saa moja kabla baridi haijakuzimisha fahamu, ilimradi kitu fulani kimekuzuia usizame. Wengine hufa mapema kuliko hapo kwa sababu ya hofu. Wanaamini baridi imeshawaua, wanaacha kujitahidi.

Dakika hizo kumi zitumike hivi. Geukia upande uliotokea, kwa kuwa barafu ya upande huo ndiyo iliyokubeba hadi hapo. Weka mikono juu ya barafu, piga miguu nyuma kama unaogelea mpaka mwili ulale usawa wa maji, kisha jivute na kujisukuma mbele kwa tumbo. Ukingo ukivunjika, endelea kuuvunja kuelekea ulikotoka mpaka upate ulio imara. Ukishatoka usisimame. Biringika, tambaa, mpaka ufike mbali na tundu.

Barafu iliyolowa haishikiki kwa mikono mitupu, na ndiyo maana wavuvi huning'iniza shingoni vijiti viwili vyenye misumari, vilivyounganishwa kwa kamba. Ni vya bei ndogo sana, na fundi yeyote angeweza kuvitengeneza kwa vipande vya mti na misumari iliyonolewa. Vikae kifuani. Vikiwa ndani ya begi havina kazi. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe juu ya koti, na kamba ya mita kumi na tano iwe mkononi mwa mwenzake. Neno "mwenzake" nimeliandika kwa makusudi: peke yake asiende kabisa, hata penye barafu ya mita nzima.

Mwenzake naye awe amefundishwa asikimbilie tundu. Moyo unasema kimbia, lakini barafu iliyomwangusha mmoja haitawabeba wawili. Apige simu ya dharura, alale kifudifudi, arushe kamba au asogeze tawi, ngazi, chochote kirefu, na avute akiwa amelala.

Hatari nyingine haina uhusiano na unene, na sisi wa Lubumbashi tunaijua kuliko Wakanada. Kila mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi ikishuka chini ya nyuzi 10, hukosi kusikia habari za watu waliolala na mbabula ya makaa chumbani wasiamke. Kibanda au hema la mvuvi wa barafu lina jiko la gesi ndani, limefungwa kuzuia upepo, na theluji imeziba pembeni. Gesi ile ile ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa yetu hutoka kwenye jiko hilo likikosa hewa ya kutosha. Tundu la hewa liwe wazi juu na chini, na kifaa kidogo cha kutoa mlio wa tahadhari kinunuliwe kabla ya fimbo ya kuvulia. Kichwa kikianza kuuma, ni kutoka nje kwanza, kunywa dawa baadaye. Na pombe ibaki nyumbani. Najua bia ya Simba iliyo baridi na samaki ni marafiki wa zamani katika mji huu, lakini juu ya barafu pombe hupanua mishipa ya ngozi: mtu anahisi joto huku mwili unalipoteza.

Mahali pazuri pa kuanzia papo. Kati ya Montréal na jiji la Québec kuna kijiji kinachoitwa Sainte-Anne-de-la-Pérade. Tangu 1938 watu huvua hapo juu ya mto Sainte-Anne ulioganda, wakimngoja poulamon, samaki mdogo anayepanda kutoka Saint-Laurent kuja kutaga mayai kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi katikati ya Februari. Mamia ya vibanda hupangwa juu ya barafu. Mgeni hukodi kimoja chenye joto, ndoano na chambo, na wenye kazi ndio wanaoamua kama barafu imefikia kipimo au la. Penye mkondo mtu hapaswi kujiamulia, lakini hapo haamui yeye. Familia zenye watoto huenda, Kifaransa kinazungumzwa, na mgeni anaweza kuuliza maswali yote ya kijinga bila kuonekana mjinga. Baada ya kwenda mara kadhaa na watu wanaojua, akitaka ziwa lake mwenyewe, atakuwa ameona mtarimbo ukifanya kazi.

Basi mzazi, ukiambiwa kwa simu kwamba Jumamosi anakwenda kuvua, usianze kulia. Muulize barafu ina sentimita ngapi na ngapi kati ya hizo ni nyeupe. Muulize nani alipima, lini, na mahali pangapi. Muulize kama kuna mto unaoingia, kama wiki hii mvua imenyesha au joto limepanda juu ya sifuri, na nani anakwenda naye. Akiyajibu yote bila kubabaika, mtakie samaki wengi. Akijibu kwamba watu wengine wako juu, mwambie abaki ukingoni. Kwa vyovyote akutajie jina la ziwa na saa atakayorudi, na amwambie pia mtu anayeishi naye huko, kwa sababu wewe ukiwa Lubumbashi huwezi kupiga 911 ya Kanada.